Nafasi Moja ya Calgary

Sogeeni. Mwenye simu aitie mfukoni, mwenye jibu alifungie mdomoni mpaka nimalize. Nimewaletea kesi, na sitaki mtu wa kuniambia kwamba wote walishinda. Hiyo ni lugha ya wanaogawa vyeti.

Palikuwa na ndugu watatu pale Voi, waliolelewa na nyanya yao Mkawasi baada ya mama yao kufariki. Watu watatu, digrii tatu, ajira sifuri.

Mghoi alijaliwa jicho. Alisomea takwimu, na maandishi madogo hayajawahi kumpita: mkataba, risiti, nyuma ya pakiti ya sabuni, yote anasoma hadi nukta ya mwisho. Kwa jicho hilo dunia ilimpa kazi ya kujazia watu fomu kwenye cyber, shilingi hamsini kila fomu, na cyber yenyewe si yake.

Mwadime alijaliwa sikio. Alisomea uhandisi wa mitambo. Lori likipita barabara kuu, yeye amekaa na chai yake, atakwambia kinacholia ni nini na litakwama karibu na wapi. Kwa sikio hilo anaosha malori. Nimesema kuosha. Wa kutengeneza wanatakiwa wawe na uzoefu wa miaka mitano, na uzoefu hauuzwi dukani.

Wakesho alijaliwa mkono. Alisomea lishe. Alikuwa akipima chakula kwa kiganja kisipungue wala kuzidi, hata kliniki ya sukari ikawa inawatuma wagonjwa kwake wakafundishwe kupika. Bure, of course. Riziki yake ilikuwa mayai ya kuchemsha anayowauzia madereva, na kachumbari juu.

Basi siku moja ujumbe ukaingia kwenye grupu la familia. Umetoka kwa Mjomba Mwakio, kaka wa marehemu mama yao, miaka kumi na minane yuko Calgary, Kanada, msimamizi wa nyumba ya kutunzia wazee. Aliandika hivi:

"Nakuja na watoto. They want a theme park. Kuna ile ya Mtwapa yenye mabomba ya kutelezea majini na bembea za umeme. Twende familia. Bajeti ya siku nzima ni elfu thelathini, not a shilling more. Mwaka huu kazini nimeruhusiwa kupendekeza jina moja, mtu apate kazi huku na karatasi za kuishi. Atakayefanikisha hii trip ndani ya bajeti, jina lake naliandika. Fomu inafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, saa za kwenu."

"Saa za kwenu," Wakesho akasoma tena. "Kwani yeye ni wa wapi?"

Mnaona mambo. Mtu ana ufunguo wa maisha ya mwenzake mfukoni, na anautoa kama zawadi ya kizibo cha soda. Lakini nyinyi mnaoguna, mngekataa? Semeni mngekataa.

Mghoi akachukua kalamu. Watu saba: mjomba na watoto wake wawili, nyanya, na wao watatu. Langoni mwenye kitambulisho cha Kenya analipa elfu tatu na mia tano, na mgeni analipa elfu tisa. Hapo tayari ni elfu arobaini na moja. Van ya kukodi kutoka Voi, elfu kumi na nane na mafuta ndani. Chakula cha mle ndani, elfu kumi na nusu. Jumla elfu sitini na tisa na mia tano.

"Mjomba kakosea hesabu," akasema Mghoi.

"Hajakosea," akasema Mwadime. "Katuona tuna njaa."

Jicho likaanza kazi. Mghoi alisoma masharti ya ile bustani yote, kurasa kumi na mbili, mpaka mahali ambapo hata aliyeyaandika hakufika. Ukurasa wa tisa akakuta mstari: kikundi kilichosajiliwa, kikija siku ya kazi kikiwa na watu kumi au zaidi, wanachama na watu wa nyumbani mwao, kila kichwa elfu moja na mia nane. Haikuandikwa mwenyeji wala mgeni. Na Nyanya Mkawasi alikuwa mwenyekiti wa chama cha akina mama, chenye cheti halali ukutani, karibu na kalenda. Wakakosekana watatu tu wa kutimiza kumi, na chama kilikuwa na akina mama tele. Elfu arobaini na moja ikawa kumi na nane.

Sikio nalo. Mwanachama mmoja, Bi Wawuda, alikuwa na van iliyokufa tangu mumewe afe, na kuku wanaatamia kwenye viti vya nyuma. Mwadime aliufungua mlango, akajaribu kuwasha mara moja, akainamisha kichwa akasikiliza. "Haijafa, mama. Imeachwa tu." Akafanya kazi siku nne chini yake, kwa spea za kuokoteza kwa wale madereva anaowaoshea. Siku ya tano ikakohoa, ikanguruma, kuku wakatawanyika. Bi Wawuda akasema chukueni siku nzima, bora na mimi niwemo. Elfu kumi na nane ikawa mafuta tu, elfu saba.

Ukabaki mkono. Pale langoni chakula cha nje ni marufuku, ila cha watoto wachanga na cha wagonjwa wenye kadi ya kliniki. Nyanya ana sukari, na Bi Wawuda, na wenzao wawili wa kutimiza kumi. Lakini watoto wa hao akina mama wakakataa katakata: mama zao wakaanguke kwenye mabembea huko Mtwapa, nani atajibu? Wakesho akapita nyumba kwa nyumba. "Dada, mimi ndiye ninayempikia. Nitampima asubuhi, nitampima mchana, na atakaporudi utamkuta na soda hajaionja." Wakamwamini kwa sababu wanamjua mkono wake. Akapika kimanga, yaani muhogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, mchicha, na kuku wawili wa Bi Wawuda waliokuwa wamepoteza makao. Elfu tatu, hotpoti nne, kadi nne.

Jumlisheni wenyewe. Elfu ishirini na nane. Sasa toeni mmoja wao, yeyote mnayemtaka, mjumlishe tena. Bajeti inapasuka.

Ijumaa alfajiri, Mjomba na watoto wake wakiwa wameshafika Voi, wakatoka. Mlima wa Mazeras injini ikabadilisha sauti, Mwadime akasimama, akafunga kitu kwa waya, wakaendelea. Mjomba alikuwa akijipiga picha, hakuona.

Langoni, mlinzi alihesabu vichwa kumi, akakagua cheti, akaridhika. Halafu kwa adabu tu akamuuliza Mjomba: "Na wewe mzee, umetokea wapi?"

Mtu mwenye akili angesema Voi. Mjomba akavua miwani ya jua. "Calgary, man. Eighteen years."

"Basi wewe na watoto ni bei ya wageni."

Mghoi akajipenyeza kati yao na simu mkononi. "Afande, ukurasa wa tisa. Watu wa nyumbani mwa wanachama. Huyu ni mtoto wa mwenyekiti. Muulize mwenyewe."

Nyanya akasema: "Nilimzaa njiani nikienda kuchota maji, na maji nikayachota. Kama leo ni mgeni, nirudishieni uchungu wangu."

Mlinzi akampisha. Akageukia hotpoti. "Hivi dada, mgonjwa mmoja anamaliza hii yote?"

"Sukari ina njaa, afande," akasema Wakesho, akamwekea kadi nne kifuani.

Wakaingia. Watoto wakateleza, nyanya wanne wakakaa kwenye kivuli wakawacheka watu wazima wanaopiga mayowe kwenye bembea. Na Mjomba, alipoona foleni ni ndefu, akaenda dirishani akanunua bangili za rangi ya dhahabu za kupita mbele ya watu. Tatu, yake na ya watoto wake. Elfu kumi na tatu na mia tano.

Wakesho akamuuliza taratibu, "Mjomba, na bajeti?"

"Hiyo ni pocket money yangu, darling. Bajeti ni bajeti."

Nataka mlitafune hilo polepole. Wiki nzima watu watatu wenye digrii wanakwangua shilingi kwenye sakafu, na huyo ana elfu kumi na tatu ya kutosimama juani dakika ishirini. Bajeti ilikuwa ya kwao, mfuko ulikuwa wake. Haya, nimemaliza, nisije nikavunja kiti cha mtu.

Saa saba na nusu wakaanza safari ya kurudi, maana akina mama waliahidiwa kufika nyumbani mapema. Walipopita Mackinnon Road, Mjomba akageuka kutoka kiti cha mbele.

"Nimefikiria sana. Mmenisaidia nyote sawasawa. I can't choose, na sitaki drama. Semezaneni nyinyi kwa nyinyi, mniambie jina. Imebaki saa moja na kidogo."

Kwanza Mghoi akasema: "Namba hazina drama. Mimi nimeokoa elfu ishirini na tatu. Chukueni zenu mbili mziunganishe, hazinifikii."

"Bila gari," akasema Mwadime bila kuondoa macho barabarani, "hicho cheti ungemwonyesha nani? Mbuzi wa Voi?"

"Na bila mimi mngebaki saba, si kumi," akasema Wakesho. "Jicho liliona bei ya watu kumi. Hao watu walitoka wapi? Watoto wao walimwamini nani?"

"Nina mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo mara mbili muhula huu," akasema Mwadime.

"Kwa hiyo mimi kutozaa ni kosa?" akasema Mghoi. "Miaka sita najaza fomu za Kanada za watu wengine. Najua kila kisanduku. Yangu sijawahi kujaza hata moja."

"Kazi yenyewe ni ya kutunza wazee," akasema Wakesho. "Nyinyi mmewahi kumwosha nani? Nyanya alipolazwa, nani alilala chini ya kitanda?"

"Na dawa zilinunuliwa na nani?" akasema Mwadime. "Si kwa pesa ya kuosha malori?"

Hawa ni watoto waliokula sahani moja, naomba mkumbuke. Miaka yote ya kulala chini ya bati moja hawakuwahi kutoleana hesabu, mpaka alipotokea mtu na kiti kimoja akasema kimbieni.

Ndipo Nyanya Mkawasi akakohoa kutoka kiti cha nyuma. "Cheti ni changu. Sukari ni yangu. Gari ni la Wawuda, na kuku pia. Mbona sisi hatuhesabiwi?"

Mjomba akacheka. "Mama, you're funny."

"Sichekeshi. Andika mimi. Nikifika huko nitalala kwenye vile vitanda vya wazee wa watu, na wewe utaniosha, maana kumbe unajua kuosha wakikulipa."

Mjomba akageukia mbele, akavaa tena miwani ya jua.

Walipokaribia Maungu, Mwadime akaiondoa van barabarani, akaisimamisha, akazima injini. Akatoa ufunguo, akautia mfukoni mwa shati.

"Hatutoki hapa mpaka jina liandikwe."

"Mwadime, come on. Hawa akina mama..."

"Wako salama. Wakesho amewapima."

Saa kumi na dakika thelathini na tano. Mjomba akafungua ile fomu, akaiweka simu juu ya dashibodi, kioo kikiangalia nyuma. "Andikeni wenyewe. Mimi nitabonyeza tu." Hata hilo hakuliweza. Mtu mwenye kalamu anawaachia wasio na kalamu dhambi ya kuandika.

Kisanduku ni kimoja, mshale unawaka na kuzima. Mghoi yuko karibu, mkono umefika nusu ya safari. Wakesho ameushika ule mkono, na haujulikani kama anauzuia au anauegemea. Mwadime anawatazama wote wawili kwenye kioo cha dereva. Watoto wa Mjomba wamelala na bangili zao.

Nawaachia hapo, kando ya barabara, magari makubwa yanapita na kuitikisa van.

Sasa nyinyi. Usiniambie wagawane, kazi haikatwi kama chapati. Usiniambie Mungu ataleta nyingine. Tumeshaandikiwa we regret to inform you za kutosha kuezekea nyumba. Usiniambie waitupe simu kichakani, kwa sababu wewe usingeitupa, na mimi pia nisingeitupa. Jicho liliona njia. Sikio likaifufua gari. Mkono ukaleta watu na kuwalisha. Na mwenye cheti naye anadai chake, na sijasikia mtu akimjibu.

Una dakika ishirini na tano. Ungeandika jina la nani, na mkifika nyumbani, wale uliowaacha ungewatazamaje?