Aliyeomba Maji kwa Kunong'ona

Wapendwa, leo niruhusuni niwasimulie habari za mjane mmoja wa huko milimani, mama aliyelima kahawa na migomba mpaka kiharusi kilipomshika kikamlegeza upande mzima. Alikuwa na watoto wawili. Wa kiume ana duka la vifaa vya ujenzi mjini. Wa kike ni mwalimu wa sekondari, mbali, safari ya kutwa kwa basi. Wakashauriana, wakampeleka mama yao katika nyumba ya kutunzia wazee, mahali penye maua getini na sakafu inayong'aa. Hawakuwa watoto wabaya, naomba mlishike hilo. Walirudi kwenye kazi zao wakiwa na amani.

Kila Jumamosi binti alipiga simu. Mama hakuwa na maneno mengi. Akiulizwa hali, nzuri. Akiulizwa kama anakula, anakula. Kisha husema, "Njoo unione, mwanangu." Binti alikata simu huku machozi yakimlenga, maana naye alimtamani mama yake. Alitamani kuzisuka zile nywele chache zilizobaki. Alitamani hata kugombezwa. Akajisemea, likizo ikifika nitakwenda.

Likizo ikafika, akaenda bila kutoa taarifa. Alimkuta mama yake kwenye shuka lililolowa, mgongo umechimbika vidonda, mikononi alama za kitambaa alichofungwa nacho kitandani. Midomo imepasuka. Binti akachota maji kwenye kikombe akamnywesha. Mama akanywa mpaka tone la mwisho, akafumba macho, kisha akanong'ona:

"Usiwaambie kwamba nimeomba maji."

Mnasikia, wapendwa? Mwanamke aliyewanyonyesha watoto, akawabeba kwa mgongo huo huo wenye vidonda, sasa anaomba maji kama mtu anayeiba.

Binti akamuuliza kwa nini hakumwambia siku zote zile. Mama akamjibu, "Simu walinishikia wao sikioni. Ningesema nini, zaidi ya kukuita?"

Msimamizi wa nyumba ile alikuwa mtu wa maneno laini. Alimweleza mwalimu kwamba wazee husahau, wakishakunywa husema hawajanywa, na ngozi zao huchubuka zenyewe. Binti akampigia kaka yake. Kaka naye alilia, nisimsingizie. Lakini alipomaliza kulia alisema wamtoe mama kimya kimya, kwa sababu mambo yakijulikana watu watauliza ni nani aliyempeleka pale. "Wale tumwachie Mungu," akasema.

Sisi tungemwambia nini binti huyu? Si maneno hayo hayo? Si ndiyo tunayowaambia watu hapa mlangoni, tukiwashika mkono baada ya ibada?

Binti akamjibu, "Kaka, Mungu ndiye aliyenileta nikaona. Sasa ameniachia mimi."

Akamtoa mama siku hiyo hiyo. Akaenda kwenye ofisi moja ya msaada wa kisheria, akamkuta mwanasheria, mwanamke wa makamo. Huyo alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia ampeleke mgonjwa hospitali, daktari amchunguze na kuandika alichokiona, kisha waende polisi na kwa afisa wa ustawi wa jamii. Alimwahidi kwamba atasimama naye mahakamani. Binti alipoinuka kuondoka, mwanasheria akamuuliza, "Na wale waliobaki mle ndani, dada, nani anawasemea?"

Binti akarudi kukaa. Maana alimkumbuka bibi mmoja wa kitanda cha jirani. Wakati mama yake anakunywa, bibi yule alikuwa anakitazama kikombe. Na binti hakumpa.

Kesho yake alirudi na afisa wa ustawi wa jamii, na kabla ya lolote alimnywesha bibi yule.

Kesi ilikwenda polepole, kama kesi zinavyokwenda. Familia nyingine zilitafutwa. Nyingine zikaja, nyingine zikasema hazitaki maneno. Mwishowe msimamizi akatiwa hatiani, na wazee wakahamishiwa mahali salama. Mama yetu anaishi na binti yake katika nyumba ndogo ya mwalimu, na nywele zake zimesukwa.

Lakini nataka mumsikilize yule bibi. Siku alipotoa ushahidi alieleza yote bila kusita: kufungwa, kiu, vibao. Hakimu akamuuliza kama ana mtoto.

"Ninaye, mheshimiwa."

"Yupo hapa leo?"

Bibi akageuka. Akayatazama mabenchi taratibu, moja baada ya jingine, kama vile huenda ameingia wakati yeye anazungumza. Kisha akasema, "Hayupo. Ana shughuli nyingi. Msimlaumu."

Ndugu zangu, waliomfunga aliwashitaki. Aliyemwacha akamtetea.

Sheria ilifanya kazi yake siku ile, na tuiheshimu. Wanaonyanyasa wazee wetu wafikishwe mbele yake, na yeyote kati yetu anayefunika uovu huo kwa jina la sala, aache. Kwenda kwa daktari ni sala. Kwenda kwa mwanasheria ni sala. Lakini hakuna hakimu awezaye kutoa hukumu ya kumfanya mtoto amtamani mama yake. Hilo hata mahakama ya rufaa hailiwezi.

Mfano huu nimeutunga mimi. Mwana wa bibi yule sikumpa jina, kwa sababu naogopa huenda nikalisoma katika orodha ya washirika wetu. Basi leo usipige simu. Nenda. Omba mkae wawili tu. Funua shuka, utazame mgongo.

Kwa maana mchana huu, mahali fulani, kuna mama anatazama mlango, na mtu akimuuliza habari zako, anakutetea.