Ukungu Juu ya Dhahabu

Mtu akiwashwa na kiroboto, kwanza hulaumu mkeka wa jirani, kisha paka wa jirani, kisha jirani mwenyewe. Shati lake hulikagua mwisho, tena shingo upande. Ndiyo maana wazee wakatuachia methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako. Nakhumicha aliikariri tangu darasa la nne kule Matulo, karibu na Webuye, lakini kuikariri methali si sawa na kuonjeshwa ukali wake.

Mwaka wa 2007 alikuwa mtafiti katika chuo kimoja kidogo mjini Kitale. Chuo kilikuwa kimeazimwa hadubini ya ajabu, ambayo sindano yake hupita juu ya metali bila kuigusa, ikachora hata molekuli moja moja. Nakhumicha alichovya kipande chembamba cha dhahabu katika dawa yenye uvundo wa kitunguu kilichooza, ili molekuli za dawa hiyo zijipange zenyewe juu ya dhahabu, safu kwa safu, kama punje kwenye gunzi. Akipata picha ya safu hizo kufikia Ijumaa, hadubini ingebaki Kitale mwaka mzima. Akiikosa, ingerudishwa Nairobi, na kazi yake ya miaka mitatu ingekwenda na maji.

Lakini wapi! Kila picha ilitoka na ukungu. Alilaumu malori ya mahindi yaliyotikisa barabara, akahamisha meza. Akalaumu maji, akayachuja upya. Mwishowe lawama zikamwangukia Chelagat, msaidizi wake kutoka Kachibora, aliyeosha vyombo vyote.

"Hivi vyombo unaosha na nini?" alimfokea siku ya Jumanne.

"Si ni vile ulinifundisha, Madam. Mara tatu, halafu spiriti."

"Basi mbona dhahabu ni chafu? Ama uchafu umeanguka kutoka mbinguni?"

Machozi yakamlengalenga Chelagat. Nakhumicha akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa idara, Bwana Wekoye, akasema msichana amezembea. Wekoye naye hakuuliza mara mbili. Akaamuru Chelagat asitie tena mguu maabarani, na mkataba wake ukiisha mwezi huo usiongezwe. Maskini ya Mungu!

Jumatano nzima Nakhumicha alifanya kila kitu peke yake. Alinawa mara nyingi kuliko daktari wa upasuaji. Alhamisi asubuhi akatazama picha. Ukungu ulikuwa umezidi!

Mchana Chelagat alikuja kuchukua koti lake, akasimama mlangoni. Nakhumicha alikuwa kwenye sinki. Alipokwisha kunawa, alitoa kikopo cha mafuta mfukoni, akajipaka mikono yote miwili, kisha akaanza kuvaa glavu. Kwao, mtoto akitoka nyumbani amepauka, anayeaibika ni mama yake, na baridi ya Kitale haina huruma na ngozi. Kwa hiyo kila alipogusa maji alijipaka, bila hata kufikiri.

"Madam," Chelagat aliita polepole, "hizo glavu unashika nje na mkono iko na mafuta."

Nakhumicha akatazama vidole vya glavu. Vilimeremeta. Woi! Glavu zilishika koleo, koleo likashika dhahabu, na mafuta yakatangulia kukaa pale molekuli zilipotakiwa kujipanga. Kadiri alivyonawa ndivyo alivyojipaka, na ndivyo alivyochafua.

Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Chelagat, mdogo wangu, nimekukosea sana. Ingia."

"Mzee alisema nisiingie."

Nakhumicha akaenda kwa Wekoye, akamkuta akinywa chai na walimu wenzake. Alitamani kungoja watoke, lakini hakungoja. "Uchafu ulikuwa wangu," alisema mbele yao wote. "Huyo msichana hana hatia."

"Unajua nikimrudisha, lazima niandike kwa faili kosa ni la nani?" Wekoye akauliza.

"Andika, Mzee. Andika jina langu."

Alhamisi hiyo Chelagat ndiye aliyechovya dhahabu. Ijumaa asubuhi safu zikatokea, zimenyooka, hazina doa. Hadubini ikabaki Kitale, na Chelagat akapewa mkataba mpya. Faili la Nakhumicha nalo likabaki na doa lake, na hakulilalamikia hata siku moja. Alikuwa amemsaka mharibifu barabarani, majini na kwa msichana wa watu, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.