Pimbi Aliyemvua Mti Koti

Paukwa!
Pakawa!
Mlimani kuna nini?
Kuna baridi, simulia upesi!

Hapo zamani za kale, juu kabisa mlimani, Pimbi na bintiye waliishi chini ya Mti mmoja. Walikula majani yake mabichi. Na majani, wenzangu, ni wapishi. Huchukua maji kutoka mizizini, huchukua jua, yakapika chakula cha Mti mzima.

Majani makavu hayakuanguka. Yaling'ang'ania shina, tabaka juu ya tabaka.

Siku moja habari zikafika: wakwe wanakuja kuposa! Pimbi, kwa kupenda usafi, akafagia, akapangusa mpaka mawe. Kisha akamtazama Mti.

"Na wewe na matambara yako! Unataka kuniaibisha?"

Siku ya kwanza akachuna makavu ya chini.

"Pimbi, hilo ni koti langu," Mti akasema.

"Nyamaza!"

Siku ya pili akachuna ya katikati.

"Pimbi, hilo ni koti langu."

"Nimesikia!"

Siku ya tatu akachuna yote, akayatupa bondeni.

Asubuhi iliyofuata jua likatoka. Majani yakafunguka yapike. Wapi! Maji yalikuwa yameganda ndani ya shina. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu majani yakanyauka, binti akalia njaa.

"Mti, una nini?"

"Jua ninalo, maji hayapandi. Baridi imenikaba koo. Jiko limelala, Pimbi. Nakufa."

Pimbi akaona aibu, akalia. Akakimbilia bondeni, akarudi na mzigo wa makavu mgongoni. Lo! Wakwe hao mlangoni!

"Karibuni, wakwe zangu," akasema akitweta. "Sina cha kuwapa, na kosa ni langu. Nimemvua Mti koti lake, nikalitupa bondeni, ili mnisifu."

Mama wa bwana harusi akajifunga kibwebwe. "Bonde liko wapi?"

Wakabeba wote majani makavu. Wakamfunika Mti mpaka shingoni.

Kulipokucha maji yakapanda, polepole. Jua likawaka. Jani moja likaanza kupika, kisha la pili, kisha la tatu. Binti akacheka.

"Sasa tuzungumze posa," akasema yule mama. "Mbele ya wageni umesema kosa lako. Tumeipenda nyumba hii."

Basi wenzangu, usimvue mwenzio kinachomhifadhi ili wewe upendeze.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyesikia na amsimulie aliyesinzia.