Jino Likikawia

Jino likikawia, huyeyusha. Ndivyo wanavyosema watu wa Korogwe wakimwona mtu anazungukazunguka jambo ambalo dawa yake ni kulikabili. Nanyi mliposikia asubuhi mkacheka, mkidhani jino lenyewe ni la mdomoni. Silo. Tulieni basi, wajukuu. Mwanzo wa maneno hayo ulikuwa huu.

Palikuwa na fundi aitwaye Salehe Mhina, mchonga vibao vya maduka na vya makaburi. Alikuwa makini kupita kiasi. Akipima ubao mara tatu, alipima na ya nne, maana ile ya tatu ilikuwa imefanana mno na ya pili. Hata alipopata mashine ya kuchonga, ile ndogo ya kuwekwa juu ya meza inayofuata mchoro wa kompyuta, hakubadili tabia. Polepole ndio mwendo, alisema, na kazi zake zilikuwa safi.

Jumatatu moja akaja Nesi Hidaya wa wodi ya watoto wachanga. Mkononi alikuwa na kisanduku cha plastiki angavu, kisicho na kitako, chenye uwazi wa nusu duara ubavuni. Hicho hufunikwa kichwani mwa mtoto aliyezaliwa akipumua kwa shida, shingo ikakaa pale penye uwazi, na oksijeni ikaingizwa ndani kwa mrija. Kilikuwa kimepasuka.

"Kaka Salehe, tumebaki na viwili tu," alisema. "Vipya vimeagizwa, lakini mwezi utakwisha kabla havijafika. Unaweza kututengenezea kingine kama hiki?"

Salehe alikigeuza huku na huku, akakubali. Mchana huo hospitali ikamletea mabapa matatu ya ile plastiki, ambayo mafundi huiita akriliki. Kila bapa lilitosha kisanduku kimoja.

Akalibana la kwanza mezani. Akafunga jino, yaani kile kichuma kinachozunguka na kukata, akalizungusha kwa kasi yote ya mashine ili likate safi. Lakini mwendo wake wa kusonga mbele akauweka wa konokono, kwa kuwa aliogopa kuipasua plastiki. Dakika ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha ikaja harufu kali, kama ya jagi la plastiki lililosahauliwa karibu na jiko. Akainama kutazama. Jino lilikuwa linavuta nyuzi kama ulimbo, na nyuma yake ule mfereji uliokwisha kukatwa ulikuwa unajifunga tena. Mara donge likaligandama jino, bapa likavutwa kutoka kwenye vibano, likaharibika.

Siku ya pili alijiambia kwamba alikuwa ameharakisha. Akapunguza mwendo zaidi. Bapa la pili liliyeyuka kabla jino halijafika kona ya kwanza.

Nesi Hidaya alipopiga simu jioni, Salehe alimjibu, "Inaendelea vizuri, dada. Kesho." Jumatano akapiga tena. "Kesho," alisema Salehe. Siku hiyo nzima hakuigusa mashine. Alikaa akilitazama bapa la tatu, karatasi yake ya kulikinga ikiwa bado juu yake, na kila aliponyoosha mkono alimwona mtoto asiyemjua akihangaika kuvuta pumzi, akaurudisha.

Alhamisi asubuhi akaenda kwa Bi. Chausiku Mbwambo. Mama huyo alikuwa amefanya kazi ya kerezo katika karakana ya reli kwa miaka thelathini, akichonga vyuma, na sasa alikuwa amestaafu, akifuga kuku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una uso wa msiba, Salehe. Kuna nini?"

Akamweleza. Bi. Chausiku akajifunga ushungi, wakafuatana hadi kwenye banda la kazi la Salehe. Aliyatazama yale mabapa mawili, akapitisha kidole kwenye donge.

"Makapi yako wapi?"

"Makapi gani, mama?"

"Kitu kikikatwa hutoa makapi. Hapa naona nyuzi na madonge."

"Yaliyeyuka."

"Basi hukukata. Ulisugua." Alilifungua jino, akaliweka kiganjani. "Jino likiuma kipande, kipande huruka na joto lake. Likizunguka bure pale pale, joto liende wapi? Hubaki hapo hapo. Chuma kingekuvumilia kidogo. Plastiki haina subira hiyo."

"Lakini nilikwenda polepole ili nisiipasue."

"Ulikwenda polepole na jino linazunguka kama pia. Geuza. Punguza mzunguko, ongeza mwendo. Na hili lina kingo nne za kukatia, makapi hayapati njia. Huna lenye ukingo mmoja?"

Alikuwa nalo, jipya, halijatumika. Bi. Chausiku akamwambia asilizamishe jino lote kwa mara moja, bali akate tabaka jembamba, arudi, akate jingine. Kisha akaielekea pampu ya hewa ambayo Salehe aliitumia kupigia rangi, akashika mpira wake, awe anapuliza makapi yasirudi mferejini.

Walijaribu kwanza kwenye bapa lililoharibika. Makapi yakaruka, meupe kama chicha ya nazi. Salehe akayakinga kwa kiganja. Yalikuwa na uvuguvugu kidogo tu, na ile harufu haikuwapo.

Ndipo akalibana bapa la tatu. Pande zilizonyooka zilikatika vizuri. Jino lilipofika kwenye nusu duara ya shingo, Salehe aliona linakwenda mbio mno kwa kona ile. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kompyuta, akapunguza mwendo. Papo hapo sauti ya mashine ikawa nyembamba, na makapi yakaanza kunata.

"Rudisha," alisema Bi. Chausiku, bila kupaza sauti. "Rudisha, uondoe mkono. Jino likikawia, huyeyusha."

Akaurudisha mwendo. Mkono akauweka mgongoni, akaushika kwa mwenzake. Mashine ikanguruma, makapi yakaruka, na nusu duara ikakamilika. Palibaki alama ndogo iliyopondeka, ambayo msasa uliiondoa.

Walipokuwa wanagundisha pande, Bi. Chausiku aliuliza, "Yule nesi anajua kwamba mabapa mawili yameharibika?"

Salehe akainamia gundi.

"Basi na huko unasugua, mwanangu."

Ijumaa asubuhi alikipeleka kisanduku hospitali mwenyewe. Hidaya alikiweka juu ya meza, akapapasa maungio yote na ukingo wa shingo. Ndipo Salehe akamweleza yote, tangu lile bapa la kwanza.

Hidaya alikiacha kisanduku, akamtazama. "Ungeniambia Jumanne, ningeazima hospitali ya jirani," alisema. "Juzi watoto watatu walihitaji visanduku kwa pamoja. Mmoja tulimkimbiza Tanga kwa gari, na mama yake akasafiri na mshono wa saa chache. Wamefika salama, namshukuru Mungu. Lakini mama yule hakustahili safari ile."

"Niliogopa, dada. Kila siku niliyongoja, kukuambia kukawa kugumu zaidi. Nisamehe." Kisha akamwambia maneno ya Bi. Chausiku.

Hidaya hakumwambia kwamba si kitu, maana kilikuwa kitu. Alikichukua kisanduku, akaenda kukisafisha, na kabla ya adhuhuri mtoto wa mama mmoja wa Mombo alikuwa amelala chini yake, kifua chake kikipanda na kushuka taratibu.

Tangu hapo, muuguzi mgeni aliposimama nje ya mlango wa wodi akitafuta namna ya kuwapa wazazi habari nzito, Hidaya alimshika bega na kumnong'oneza maneno yale. Akina mama waliokuwa wamelazwa wakayasikia, wakarudi nayo makwao na sokoni. Wengi wao hawajawahi kuiona mashine, wala hawajui akriliki ni kitu gani. Lakini wanajua neno la kweli lililokaliwa hupata joto gani, na wanajua ni nani huungua. Jino likikawia, huyeyusha.