Mwavuli wa Ghorofa wa Mzee Tembo

"Anzia juu!"

"Makuti huanzia chini, Mzee."

"Nimesema juu! Nani mwenye uwanja huu, mimi au wewe?"

"Ni wako, Mzee. Hata jua lililomo ni lako."

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama walipokuwa na nyumba, majirani na majivuno kama watu, ndivyo walivyogombana Mzee Tembo na Bi Kindi, fundi wa makuti. Mzee Tembo alikuwa ameangusha miti yote ya uwanjani kwake, pu! pu! pu!, ili tumbo lake lipite bila kupinda kona. Kisha, kwa akili zake nyingi, akashangaa mbona jua limekuwa kali. Ndipo akataka ajengewe mwavuli wa makuti.

Katika mti mmoja ulioanguka ndimo alimokuwa akiishi Bi Kindi na wanawe watatu. Sasa walilala chini, kwenye shina lililooza. Masika yalikuwa yanakaribia, na nyoka walipita hapo kila siku kama wanaokwenda sokoni. Bi Kindi alipoomba kijisehemu cha kukaa, Mzee Tembo alimjibu, "Kwangu si gesti."

Basi Bi Kindi alitazama fito za mwavuli, akalitazama lile tumbo, akameza hasira.

"Safu ya chini hufungwa kwanza," alieleza taratibu. "Inayofuata inailalia kwa juu, na maji yanateleza hadi nje. Ukianzia juu, maji yanaingia ndani."

"Mimi ni mkubwa. Wakubwa huanzia juu."

"Kweli, Mzee. Mvua itakuogopa."

Akafunga makuti kuanzia juu, kama alivyoamriwa. Mwavuli ukapendeza sana, ukiutazama kwa mbali. Mzee Tembo akamwalika jirani yake Bwana Kiboko, aliyeshindana naye kwa kila kitu, aje wanywe uji kivulini.

Hawajamaliza bakuli la kwanza, wingu likapasuka. Chwaaa! Maji yakapita katikati ya makuti, yakawamwagikia vichwani.

"Hongera, jirani," alisema Kiboko, akijipangusa pua. "Sisi wengine tunaufuata mto kwa miguu. Wewe unaletewa mezani."

Mzee Tembo akamvuta Bi Kindi nyuma ya jiko.

"Rekebisha! Lakini usifumue hata kuti moja. Kiboko akiona tunafumua, atajua nilikosea."

"Ukosee? Wewe?" Bi Kindi akashika kifua. "Haiwezekani. Tufanye hivi: tuongeze nguzo, tuweke paa la pili juu ya hili. Hili la chini libaki dari. Utakuwa na mwavuli wa ghorofa."

"Ghorofa!" Masikio ya Mzee Tembo yakasimama. "Kiboko anayo?"

"Kiboko ana tope."

"Jenga!"

"Na hilo paa la juu, Mzee, nianzie wapi?"

Mzee Tembo akakohoa. "Anzia... unapopenda."

"Asante. Ila mkonga una majimaji, unaozesha makuti. Wenye ghorofa hutangaza mbele ya majirani kwamba mwavuli wao hauguswi kwa mkonga."

Mzee Tembo hakungoja aambiwe mara mbili. Akamwita Kiboko, akapaza sauti: "Mwavuli huu usiguswe na mkonga wowote, hata wangu! Atakayeugusa hana adabu, na aitwe hivyo mbele ya wanyama wote!"

"Nimesikia," alisema Kiboko. "Na mimi sisahau."

Bi Kindi akafanya kazi siku sita. Safari hii alianzia chini, safu juu ya safu, akikaza kila kamba kwa meno. Siku ya saba masika yakaanza rasmi, na wale wakubwa wawili wakaketi na uji wao. Mvua ikapiga mchana kutwa. Halikupenya hata tone moja. Kiboko alinuna hadi uji ukapoa.

Mara, huko juu: tiki-tiki-tiki! Vijiguu. Kisha ganda la karanga likaanguka kwenye bakuli la Mzee Tembo: chubwi!

Akainua macho. Kwenye dari palikuwa na kijimlango cha mkeka, na mikia mitatu ikining'inia pembeni yake.

"Wezi! Wavamizi! Nawang'oa sasa hivi!" Mkonga ukapanda, fyuu!

"Ehe, jirani," alisema Kiboko, akichangamka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Gusa. Gusa nikuone."

Mkonga ukabaki hewani. Ukashuka polepole.

Basi Mzee Tembo, mwenye uwanja, mwenye ghorofa, akasimama chini ya kijimlango katika uwanja wake mwenyewe, akasema kwa sauti ndogo, "Hodi."

Mkeka ukafunguka. Bi Kindi akachungulia, kavu kabisa, mtoto akiwa mgongoni.

"Karibu, Mzee, japo hutoshi. Anayeangusha nyumba za wadogo asishangae akiishi chini ya sakafu yao."