Moto wa Bibi Wawili

Jamani, niwashe nisiwashe?
— Washa!
Kuni mmeleta?
— Tumeleta!
Na masikio?
— Mawili mawili!

Basi sogeeni. Wewe unayekohoa, kohoa sasa umalize, maana nikishaanza sirudi nyuma.

Hapo kale, kale ile kiberiti hakijazaliwa, palikuwa na mume na mke. Mume aliitwa Ngwali, mtu wa Juu, kule milimani. Mke aliitwa Siwatu, mtu wa Bondeni. Walipendana. Walilima pamoja, walicheka pamoja, walikula sahani moja. Siku mia tatu na ushee za mwaka hawakuwa na neno. Siku moja tu ndiyo iliyowatia adabu, nayo ni sikukuu ya mwaka mpya.

Sikilizeni vizuri hapa.

Kwa watu wa Juu, siku ya mwaka lazima moto wa jikoni uzimwe. Uzimwe, majivu yazolewe, mafiga yafagiliwe. Kisha mama wa nyumba anashika vijiti viwili, anapekecha moto mpya. Na akipekecha, wengine wote wanatoka nje na kutazama barabarani, kwa sababu moto mpya hautaki kuangaliwa.

Kwa watu wa Bondeni, loo! Kuzima moto siku hiyo ni sawa na kumfukuza babu nyumbani. Moto wa mwaka jana unalazwa ndani ya majivu, mama wa nyumba anaulinda peke yake, wengine wote wako nje, mpaka jua litoke. Ndipo upikwe uji wa sikukuu.

Sasa nyumba ni moja, mafiga ni yale yale matatu, chungu ni kimoja. Moto uzimwe au usizimwe?
— Uzimwe!
— Usizimwe!
Mnaona? Na nyinyi mmeshaanza.

Na kulikuwa na mtoto. Ngwali na Siwatu walizaa binti, macho makubwa, miguu haitulii. Mtoto hupewa jina siku ya mwaka, na bibi zake wawili humlisha uji wa chungu kimoja. Bibi mmoja akikataa, jina hakuna.

Mwaka wa kwanza walikwenda Juu. Bi Mize, mama yake Siwatu, akafika na kumkuta Bi Tausi, mama yake Ngwali, anamwagia maji mafiga. Chwaaa! Bi Mize akajitanda kanga yake akarudi kwao. Jina hakuna.

Mwaka wa pili walikwenda Bondeni. Bi Tausi akaona moto wa zamani, akafyonza. "Mimi nile uji wa moto uliochacha?" Akarudi kwao. Jina hakuna.

Mwaka wa tatu ukawa unakuja. Na wazee wa Juu na wa Bondeni, wasiopatana kwa lolote, kwa hili walipatana: mtoto akifika mwaka wa tatu bila jina, basi ndoa hiyo haina kheri, kila mmoja arudi kwao.

Mtoto wakati huo anatembea, anasema, anaangusha vyungu. Akiitwaje? Aliitwa "wewe". Siwatu akisimama mlangoni akaita, "Wewe! Njoo ule!" wanakuja watoto saba na mbuzi wa jirani.

Siku moja mtoto akamshika mama yake magotini, akamuuliza, "Mama, mimi nani?"

Siwatu alilia, wenzangu. Alilia mpaka mchicha ukamnyaukia mkononi.

Akamfuata mumewe shambani. "Ngwali, nina siri ya mama yangu. Naona haya kuisema."

Ngwali akaegemea jembe. "Na mimi nina ya mama yangu. Tangu nikiwa mdogo."

Wakanong'onezana. Huyu sikioni kwa yule, yule sikioni kwa huyu. Wakatazamana. Wakacheka, wakacheka, wakacheka, mpaka jembe likamponyoka Ngwali na kumwangukia mguuni. Waliambiana nini? Subirini, uji haujaiva.

Siku ya mwaka ikafika, na safari hii walibaki nyumbani kwao wenyewe. Alfajiri mama wawili wakaja, kila mmoja na njia yake, nyuso zimewakunjamana. Hodi ilipigwa, karibu iliitikiwa, lakini wao kwa wao hawakusalimiana.

Siwatu akapiga magoti. "Mama zangu, shikamooni. Mama Tausi, mafiga yamezimwa na kufagiliwa, vijiti hivi hapa, tupekechee moto mpya. Mama Mize, moto wa zamani haukuzimwa, nimeuhamishia nyuma ya nyumba ndani ya chungu kilichopasuka, katulindie. Jua likigusa kizingiti, kila mmoja alete moto wake. Mioto miwili, chungu kimoja."

Bi Tausi akafikiri, wa mwenzake utakufa tu. Bi Mize akafikiri, wa mwenzake hautawaka. Wote wakakubali. Watu wote wakatoka, wakageukia barabarani.

Bi Tausi akashika vijiti. Pekecha, pekecha, pekecha. Wapi! Pekecha, pekecha, pekecha. Hata moshi hakuna. Viganja vikamwiva. Siri yake ndiyo hii: miaka thelathini Bi Tausi hakuwahi kupekecha moto. Kila siku ya mwaka, watu wakigeuka, alichomoka mlango wa uani na kigae, akaomba kaa la moto kwa jirani!

Na Bi Mize? Alifukua majivu kwenye kile chungu. Baridi. Moto umekufa zamani. Nani aliumwagia maji sisemi, ila kanga ya Siwatu asubuhi hiyo ilikuwa imelowa. Bi Mize hakushtuka. Alishazoea! Yeye ni mtu wa usingizi, na kila mwaka moto wake ulimfia akiwa anaulinda. Akatazama huku, akatazama kule, akatia nyasi kavu mle chunguni, akatoa vijiti viwili kwenye upindo wa kanga. Pekecha, pekecha, pekecha. Moshi huo, cheche hiyo! Nchi nzima hakuna mpekechaji aliyemfikia, na nchi nzima hakuna aliyejua ila bintiye.

Mara akasikia nyayo. Nyata, nyata, nyata. Bi Tausi huyo anapinda kona na kigae mkononi, amekuja kuiba kaa!

Macho kwa macho.

"Mkwe mwenzangu," akasema Bi Tausi, "hivyo vijiti ni vya nini?"

"Nachokonoa meno. Na hicho kigae, mkwe mwenzangu?"

"Nawatafutia kuku maji."

"Kuku wako wapi?"

"Na wewe meno yako wapi?"

Bi Tausi akapandisha sauti. "Nitakutangaza Juu na Bondeni!"

"Nitangaze, na mimi nikutangaze!"

Hapo mtoto akatokea, mikono mbele, anaifuata ile cheche iliyokuwa inang'aa kwenye nyasi kavu.

"Wewe!" wakapiga kelele pamoja. Wakamdaka pamoja, huyu mkono, yule kiuno.

Mtoto akawaangalia. "Bibi, mimi nani?"

Bibi wawili wakaona aibu, aibu ya kweli, si ile ya kigae na vijiti. Machozi yakawatoka. Kisha Bi Mize akatazama kigae, Bi Tausi akatazama vijiti, kicheko kikawabana, wakakaa chini kwa kucheka.

"Puliza, isizime!" akasema Bi Tausi.

"Kinga kigae!" akasema Bi Mize.

Jua lilipogusa kizingiti, wakatokea mbele ya watu, wameshika kigae kimoja, mkono huyu, mkono yule.

"Moto mpya huu," akasema Bi Tausi. Miaka thelathini, ndiyo mara yake ya kwanza kusema kweli.

"Umetoka kwenye chungu cha moto wa zamani," akasema Bi Mize. Na hilo nalo lilikuwa kweli.

Uji ukapikwa. Huyu kijiko, yule kijiko. Mtoto akaitwa Cheche. Ngwali na Siwatu walikuwa wameinamisha vichwa kwa adabu, mabega yakiwatikisika.

Tangu siku hiyo, nyumba ile ina desturi yake, si ya Juu wala ya Bondeni. Siku ya mwaka bibi wawili wanakwenda nyuma ya nyumba, mmoja na vijiti, mmoja na kigae. Watu wanatazama barabarani. Kwanza kinasikika kicheko, kisha unakuja moto.

Nimejuaje? Cheche ndiye aliyemzaa mama yangu. Aliona yote. Lakini bibi zake walidhani mtoto asiye na jina hana macho.

Hadithi yangu nimeiepua.
— Imeiva!
Aliyeshiba?
— Aoshe chungu!
Na aliyebaki na njaa?
— Alambe mwiko!