Gumato na Zimwi la Makorongo

Sogeeni, wanangu, mnisikilize! Mkunga Gumato alivuka jangwa la makorongo siku tatu, mzigo mgongoni, kwenda kumzalisha bintiye. Humo mliishi zimwi, na kila mtu alijua: aliyeambiwa "keti" humo akaketi, aligeuka jiwe.

Siku ya kwanza zimwi likamwambia, "Keti, mama, upumzike."

"Mwanangu anakaribia kujifungua," akajibu, akapita.

Siku ya pili likamwita kwa sauti ya marehemu mamake. "Keti, Gumato." Machozi yakamtoka, lakini miguu haikusimama.

Siku ya tatu likamfuata likihema. "Keti, nakusihi!"

"Keti wewe!"

Zimwi lilikuwa hoi. Likaketi, likawa jiwe papo hapo. Gumato hakugeuka hata kulitazama. Jioni akafika, akampokea mjukuu mikononi mwake.

Nami kisa changu nakitua hapo.